Mama Mizani na Namba za Kiganjani

Nilipoambiwa kwamba Mama Mizani amekataa kula, jambo la kwanza nililofanya ni kucheka. Mwenzangu ninayeuza naye mayai pale sokoni Bumala alinitazama kama mtu asiye na adabu. Lakini ningefanyaje? Mwanamke aliyezunguka vijiji vya Marachi miaka nenda miaka rudi, akifunua sufuria za watu bila kubisha hodi, akiuliza mtoto amekula nini, amekula lini, nani alimlisha, leo ndiye anayebembelezwa kwa kijiko! Kisha mwenzangu akaongeza, "Si mchezo. Amebaki mifupa. Watu wanaenda kumuangalia wanarudi wakisema hatafika Krismasi." Hapo kicheko kilinikauka. Binti yangu wa kwanza yu hai kwa sababu ya huyo mama, na siongezi chumvi.

Nilisema nitakwenda Jumamosi. Siku tatu za kungoja sikuwa na jingine kichwani ila kumkumbuka.

Jina lake la ubatizo wengi wetu hatukulijua. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea ambao zahanati huwapa mfuko, kitabu na maneno mengi ya shukrani. Ndani ya mfuko mlikuwa na mizani ya duara yenye ndoano, kisuruali cha bluu cha kuning'iniza watoto, na utepe wa kupimia mkono, ule wenye rangi tatu: kijani mtoto yuko sawa, manjano aangaliwe, nyekundu apelekwe hospitali leo si kesho. Alivaa gambuti wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, akabeba mwavuli ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Mvua ikinyesha aliubana kwapani usilowe.

Wenzake walipimia watoto kwenye baraza la chifu au kanisani. Yeye alipimia kwenye kisiagi, pale tunaposagia unga, mizani ikining'inia kwenye boriti ya kibanda huku mashine ya dizeli ikinguruma. Daktari kijana wa zahanati alimwambia mahali pale ni pachafu na pana kelele. Akajibu, "Daktari, mama anaweza kosa kliniki. Hawezi kosa unga." Na kweli, kila Jumatano alitupata wote pale, debe kichwani na mtoto mgongoni, hatuna pa kukimbilia.

Kelele nazo zilikuwa na kazi yake, maana Mama Mizani hakutaja uzito wa mtoto kwa sauti hata siku moja. Alimgeuza mama aelekee ukutani, akamshika mkono wa kushoto, akamwandikia namba kiganjani kwa ncha ya kidole, bila wino, polepole, tarakimu moja baada ya nyingine. Kisha akakikunja kile kiganja kikawa ngumi. "Funga. Usifungue mpaka ufike kwako." Ungewaona wanawake wakitoka kisiagini na unga kichwani na ngumi moja imefungwa, kama watoto waliopewa peremende. Sote tulijua sababu, au tulidhani tunaijua. Ni jicho. Kwetu mtoto hasifiwi mbele za watu, wala chakula chake hakitazamwi na mgeni, kwa kuwa kuna macho yanayoweza kumharibu tumbo. Kutaja kilo nyingi ni kusifu, na sifa humwita mwenye jicho.

Yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kutosifu. Mtoto akiwa mnene, mapaja yamejaa mikunjo, alimtazama akakunja pua. "Kitu mbaya hii," alisema. "Nani alizaa kitu mbaya namna hii?" Na mama wa mtoto alitabasamu siku nzima. Aliyeitwa "mzuri" ndiye wa kuogopewa. Wangu aliitwa mzuri.

Kwenye sufuria zetu hakuwa na huruma. Aliinua kifuniko, akachota uji, akainamisha kijiko. Uji ukichuruzika kama maji, aliuacha wote urudi chini, akakukazia macho. "Huu uji unakimbia kijiko. Mtoto ataushika aje?" Alitaka uji ukae kijikoni na ushuke kwa kusitasita. Alitaka omena, wale dagaa wa ziwani, ipondwe laini itiwe kwenye mboga ya mtoto, na kumbikumbi wa msimu wakaushwe wawekwe. Zaidi ya yote alitaka mtoto awe na bakuli lake mwenyewe. "Sahani moja na wakubwa, mtoto anakula na macho tu," alisema. Wala hakuruhusu mtoto ashikwe pua amezeshwe. "Kaa chini. Muangalie. Ngoja afungue mdomo mwenyewe. Mdomo si gunia."

Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka Butula, mama msomi, aliyeleta kisiagini ndoo ya nafaka za uji wa mtoto wake. Humo mlikuwa na mahindi, wimbi, mtama, mihogo mikavu, soya, njugu, maharagwe, mchele, omena, mbegu za maboga, na vitu viwili zaidi nilivyovisahau. Tulimwonea wivu, tukaona huo ndio usomi wenyewe. Mtoto naye alikuwa akiharisha na uzito unashuka. Mama Mizani alimwandikia kwanza karatasi ya zahanati, kisha akachungulia ndoo na kuhesabu kwa vidole. "Mwalimu, ukipata wageni kumi na mbili kwa nyumba siku moja, utaongea na nani?" Mwalimu akasema amesoma kwa simu kwamba kila kimoja kina faida. "Iko. Lakini tumbo ni moja, na ni ndogo." Alimwachia wimbi na soya, akamwambia hivyo vinatosha kwa unga. Vingine apike kando, hiki leo kile kesho, ili ajue kipi kinamkataa mtoto. Njugu alizikagua moja moja akazitupa zilizoota ukungu. Mwalimu alinuna mwezi mzima. Mtoto alipopata nafuu, mwalimu ndiye aliyekuwa akiwaeleza wengine habari ya wageni kumi na wawili, bila kutaja ndoo ilikuwa ya nani.

Kwetu sisi wanawake alikuwa pilipili, kwa wanaume alikuwa asali. Jambo hilo lilituudhi. Kuku akichinjwa kwetu, firigisi ni ya mwenye boma, na hakuna mke atakayethubutu kuigusa. Jirani yetu mmoja, mzee mkali, alikuwa na mjukuu aliyepungukiwa damu mpaka viganja vikawa vyeupe. Mtu mwingine angemwendea na hotuba. Mama Mizani alikwenda akakaa kwenye kigoda, akaulizia ng'ombe mmoja mmoja, halafu akasema, "Mzee, firigisi ni yako. Nani atabisha? Hata serikali haiwezi kugusa. Mimi nauliza tu, maini ni ya nani?"

Mzee akafikiri sana. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Maini haina mwenyewe," akasema.

"Basi mpatie mjukuu, ndio ijulikane kwa hii boma maini ni ya nani."

Tangu siku hiyo maini ya kuku katika boma lile ni ya mtoto mdogo kuliko wote, na leo ukiwauliza watakuambia ni mila waliyoikuta kwa mababu.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa malaika. Alitukataza kuwapa watoto soda, na yeye alitia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai. Alisema jicho ni la kuona tu, halina meno, na bado sikuwahi kumwona akila ameelekea mlangoni. Alivuta kiti akatugeuzia mgongo, akala haraka kama mwizi. Na mayai! Mimi ni mwuza mayai, na hakuna aliyeyapigia debe mayai yangu kama yeye. Ukimpa la kuchemsha alilitia mfukoni akampelekea mtoto wa mtu. Zamani kwetu mwanamke hakula kuku wala yai, na mama yake alimlea hivyo. Nikamwambia siku moja, "Kwa hivyo unatufundisha kitu wewe mwenyewe hufanyi."

"Padri ako na bibi?" akaniuliza.

"Hana."

"Na si anafungisha ndoa?"

Alikuwa akiniita Mama Mayai, na jina hilo lilikuwa na mwiba ndani yake, kama nitakavyoeleza.

Wakati ule nilikuwa navuka mpaka pale Busia kwenda upande wa Uganda kuchukua mayai. Nililala huko siku moja, mara nyingine mbili, na binti yangu wa miezi minane nilimwacha na mama mkwe wangu. Mtoto wa mwuza mayai, na yai hakuwahi kulionja, kwa sababu mama mkwe alishikilia kwamba yai humchelewesha mtoto kusema. Alikunywa uji mwepesi wa mihogo, asubuhi na jioni. Nami nikirudi, matiti yamejaa yananiuma, sikumnyonyesha. Wengi wetu wa biashara ya mpaka tulifanya hivyo. Tulifundishwa kwamba maziwa yakilala safarini yameharibika, ni lazima yakamuliwe yamwagwe, mtoto angoje mengine. Mimi nilikuwa nayamwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya jikoni. Mgomba ule ulinawiri, jamani, watu walikuwa wakiuliza ni mbegu ya wapi. Maziwa yakazidi kupungua, mtoto akazidi kutulia. Nilidhani ameanza kuwa na adabu.

Jumatano moja nikampeleka kisiagini. Mama Mizani alimtia kisuruali, akamtundika, akamtazama usoni kwa muda. "Huyu ni mzuri," akasema. Alimfunga utepe mkononi, akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akanigeuza ukutani. Tano. Nukta. Nne. Kisha, badala ya kunikunja ngumi, akapiga mstari mmoja uliokata kiganja changu kutoka upande hadi upande. Sikujua ishara hiyo, wala sikuhitaji kuelezwa kwamba ni nyekundu.

"Leo hurudi kwako," alisema sikioni mwangu. "Tunaenda hospitali na wewe. Boda iko nje, nilishaiita."

Binti yangu alilazwa akanyweshwa maziwa ya dawa, na alipopata nguvu ya kulia tukaruhusiwa na paketi za njugu zilizosagwa. Mama Mizani alikuja kwetu kila siku kwa wiki mbili. Siku ya kwanza aliniuliza habari za kunyonyesha. Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyo mwangalifu, jinsi nisivyompa mtoto maziwa yaliyolala. Alimgeukia mama mkwe.

"Mama, hii ng'ombe yenu ikienda malisho mbali, irudi jioni, mnamwaga maziwa?"

Mama mkwe akacheka. "Nani anamwaga maziwa ya ng'ombe?"

"Basi huyu bibi ya kijana yako amekosea nini, ako chini ya ng'ombe?"

Nilisimama nikachukua panga, nikaenda nyuma ya jikoni kuukata ule mgomba. Nililia nikitembea, kwa hasira ambayo sikuwahi kuijua. Mama Mizani alinifuata na gambuti zake akanishika mkono. "Mgomba imekosa nini? Wacha. Ndizi yake tutaponda, mtoto atakula."

Kwa mama mkwe hakuinua sauti hata mara moja. Alimpa bakuli, kijiko na madaraka. "Wewe ndio hospitali ya hii nyumba," alimwambia. "Huyu Mama Mayai ni mtu wa barabara." Suala la yai alilimaliza kwa sentensi moja. "Heri achelewe kusema, kuliko asiseme kabisa." Mama mkwe alilichemsha mwenyewe jioni hiyo, akaliponda kwa mikono yake, na mimi nikakaa chini nikamnyonyesha mtoto maziwa ya safari.

Kila Jumatano namba ilipanda kiganjani mwangu. Nilijifunza kuitambua mapema, kidole kikianza kuzunguka najua ni sita, na ile saba nilikaribia kupiga kelele. Kisha ikafika Jumatano ambayo Mama Mizani alimtundika binti yangu, akamtazama, akakunja pua. "Kitu mbaya hii," akasema. Nilikaa juu ya debe langu la mahindi nikalia mpaka mwenye kisiagi akazima mashine kuuliza nani amekufa.

Miaka ilipita, binti akaanza shule, nami nikathubutu kumuuliza kama kweli anaogopa jicho. Tulikuwa tunatembea kutoka sokoni.

"Nikianza hii kazi nilikuwa nasoma kwa sauti," alisema. "Nilikuwa na mizani mpya na nilikuwa najiskia. Mama moja akaleta mtoto, nikasoma kilo kama redio. Watu wakacheka. Mwingine akasema, kwani kwako unakula wewe peke yako? Huyo mama akabeba mtoto akaenda. Nikaenda kwake mara mbili, akajificha. Mara ya tatu nikapata wanachimba kaburi."

Aliuhamishia mwavuli wake kwapa la pili.

"Si jicho," akasema. "Ni mdomo. Mdomo yangu. Lakini wacha waamini jicho, inanisaidia kazi."

Hakulitaja tena jambo hilo. Miguu ilipoanza kumsumbua, mizani ilikabidhiwa msichana mmoja mwenye simu ya kujazia takwimu, na Mama Mizani akaketi nyumbani kwa kijana wake. Nami, aibu yangu, nikawa nampita barabarani na trei zangu nikisema nitaingia kesho.

Basi Jumamosi ikafika. Nilikwenda na binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili na miguu mirefu isiyojua pa kukaa. Asubuhi nilimwambia apike uji wa wimbi na maziwa, mzito, tukautia kwenye thamosi. Tulikuta watu wanane sebuleni. Mkaza mwana wake, mwanamke mwema kabisa, alikuwa amemwekea mapajani sahani ya ugali na nyama, na wote walikuwa wamemzunguka.

"Ona mkono, jamani! Ngozi tu!"

"Mama, si ukule? Tunakungoja!"

"Hata jana alikula kijiko mbili. Mbili tu, nilihesabu!"

Mama Mizani alikuwa ameugeuza uso wake upande. Alikuwa mdogo kwenye kile kiti kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza kuwa. Nilitaka kuwafokea wale watu, nikajikumbusha kwamba ni upendo uliowaleta. Wao hawakuwahi kusikia habari ya yule mama na lile kaburi. Nikamwomba mkaza mwana awapikie wageni chai jikoni, nikamnong'oneza awazuie huko mpaka nimwite. Alinielewa. Walipotoka niliufunga mlango, nikakigeuza kile kiti kielekee ukutani, nikavuta kigoda nikakaa chini. Nikamtazama. Nikangoja.

"Umekuja kuniambia nimekonda," akasema baada ya muda.

"Sijasema kitu."

Akaonyesha kwa kidevu msumari ukutani. Ule utepe wake wa zamani ulikuwa unaning'inia pale. Niliuchukua, naye akanyoosha mkono mwenyewe. Utepe wa mtoto mchanga ulimzunguka mtu mzima na nafasi ikabaki. Yeye akainama akachungulia rangi.

"Kijani," akasema. "Niko sawa. Rudi nyumbani."

Nilicheka na machozi yakinitoka. Naye alimwona binti yangu aliyesimama karibu na mlango.

"Hii ndio ile?"

"Ndiyo hii."

Akampima kwa macho kutoka miguu hadi kichwa, akakunja pua. "Kitu mbaya kabisa." Binti yangu, ambaye amekua akisimuliwa maneno hayo, alitabasamu mpaka masikioni. "Ngapi sasa?" Mama Mizani akaniuliza, na akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

Shuleni walikuwa wamepimwa muhula ule. Nilishika kiganja chake, nikaandika kwa ncha ya kidole, polepole, kama alivyoniandikia. Tatu. Nane. Midomo yake ilicheza akiisoma. Nikakikunja kile kiganja kikawa ngumi.

"Funga," nikamwambia. "Usifungue mpaka ufike kwako."

"Niko kwangu," akasema. Lakini hakufungua.

Binti yangu alimimina uji kwenye kibakuli, akaketi sakafuni mbele yake, akachota kijiko. Kabla ya kumpa alikiinamisha kidogo ili auone. Uji haukukimbia. Kisha akakishika palepale hewani bila kumsogezea, akangoja, na mimi sikuwa nimemfundisha hilo. Mama Mizani alikitazama kijiko muda mrefu, akafungua mdomo. Kijiko cha pili pia. Cha tatu akasita, ulimi ukatafuta kitu.

"Kuna nini humu?"

Binti yangu akanitazama, akamtazama yeye. "Yai, Kukhu," akamwambia kwa sauti ndogo, kama anavyomwita nyanya yake mwenyewe. "Nilikoroga moja ikiwa motoni."

Hata mimi sikujua. Nilisubiri auteme. Mama Mizani alitafuna kitambo kitu kisichohitaji kutafunwa, macho yake ukutani, ngumi yake mapajani.

"Mlango umefungwa?" akauliza.

"Umefungwa, Kukhu."

Akafungua mdomo.